Fremu zangu nyingi zina ukungu: nitoe wapi picha za kutangaza filamu?

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza filamu yangu ya chuo, dakika 14, kuhusu mzee fundi saa na mjukuu wake wa kike anayemletea saa ya marehemu baba yake aitengeneze. Tamasha moja la wanafunzi limeipokea, na linataka picha tatu za ubora wa juu ndani ya wiki tatu, pamoja na picha yangu mimi mwongozaji. Tatizo ni kwamba siku za kushuti hatukuwa na mtu wa picha mnato. Nimejaribu kutoa fremu kwenye video, nyingi zina ukungu, na zilizo safi ni za mandhari tu. Mwenzangu anasema nitumie programu ya akili bandia kuzikuza. Mhadhiri wangu anasema nitume picha tulizopiga kwa simu tukiwa kazini, ambazo zinaonyesha kamera na taa. Mimi nafikiria kuwarudisha waigizaji tupige upya, ila mzee ameshanyoa ndevu. Na nikishazipata, nitazichaguaje? Kila mtu kwenye timu ana yake anayoipenda. Binti ana miaka 11, sijui kama hilo lina uzito wowote."

Marahaba, na hongera kwa filamu kupokelewa. Nikutoe wasiwasi kwanza: hali yako ni ya filamu nyingi za wanafunzi. Siku ya kushuti kila mkono una kazi. Mmoja ameinua maiki, mwingine anazuia wapita njia, na aliyepewa kamera ya picha ndiye wa kwanza kuambiwa aiweke chini akashike taa. Picha mnato hukumbukwa siku tamasha linapoziomba. Mimi mwenyewe yalinikuta, nitakusimulia huko mbele.

Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa fundo moja: picha zitoke wapi, na ipi ndiyo nzuri. Watu wengi huhangaika na la kwanza na kulipita la pili mbiombio, kumbe la pili ndilo linalowaangusha. Hata hivyo tuanze na la kwanza, maana huwezi kuchagua usichonacho.

Ukungu wa fremu zako si kosa lako wala la kamera. Filamu yako, kama ilirekodiwa kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa desturi kila fremu ilipigwa kwa shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) ya 1/50 ya sekunde. Mkono unaosogea kwa mwendo wa kawaida tu, mita moja kwa sekunde, unasafiri sentimita 2 katika muda huo. Sentimita 2 kwenye mkono wa fundi saa ni nyingi: vidole vitatu vinageuka uji. Ukitazama filamu ikienda huuoni uji huo, kwa sababu jicho linaunganisha fremu moja na inayofuata, na ule ukungu wa kila fremu ndio unaofanya mwendo uwe laini. Ukiuondoa, watu wataonekana wanarukaruka. Kwa hiyo fremu moja haikutengenezwa itazamwe peke yake. Ni kama kuchomoa neno moja kutoka katikati ya wimbo na kutaka lisikike kama wimbo.

Kuna na jambo la ukubwa. Video ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Ukiichapa kwa kiwango cha kawaida cha uchapaji, pikseli 300 kwa inchi, unapata picha yenye upana wa inchi 6.4, yaani inatosha ukurasa wa kijitabu na si bango. Kama mlirekodi kwa 3840 kwa 2160, mambo ni nafuu sana: pikseli zaidi ya milioni 8, na karatasi ya A3 inabebeka bila aibu. Tena kamera nyingi za video hubana taarifa za rangi kuliko za mwanga, ndiyo maana kingo za kitu chekundu kwenye fremu yako huonekana zimemegukameguka ukizisogelea.

Sasa, kabla hujakata tamaa na fremu, nikuulize: ulizitafuta wapi? Nina hakika ulifungua filamu iliyokamilika, ukaisimamisha, ukapiga skrinshoti. Hapo umepoteza mara tatu. Faili la mwisho limeshabanwa. Skrinshoti inachukua ukubwa wa skrini yako na si wa video. Na umetafuta ndani ya dakika 14 wakati mlirekodi labda video za muda wa saa tano. Rudi kwenye faili za awali, zile zilizotoka kwenye kadi. Zifungue ndani ya programu ya kuhariria, uzipe rangi ileile uliyoipa filamu, kisha toa fremu kwa ukubwa wake kamili katika muundo wa PNG au TIFF. Kama filamu ina mistari myeusi juu na chini, ikate. Anayepanga ukurasa wa katalogi haihitaji.

Halafu usitafute matukio makubwa. Tafuta utulivu. Mwigizaji hatulii anaposema, hutulia baada ya kusema. Hutulia anapomaliza kugeuka, anapovuta pumzi kabla ya kujibu, anapomsikiliza mwenzake. Angalia pia zile sekunde kabla hujasema "anza" na zile baada ya "kata", ambazo mhariri alizitupa. Mara nyingi mwigizaji bado yumo ndani ya mhusika, hajasogea, na uso una kitu ambacho hakikuhitaji maneno. Sogeza fremu moja moja kwa kitufe cha mshale, si kwa kuburuta. Kati ya fremu 10 zinazofanana kabisa, moja huwa safi kuliko nyingine zote, na macho ndiyo ya kupima: kope zikihesabika, fremu inafaa. Tenga jioni mbili kwa kazi hii. Nakuhakikishia utapata moja, pengine mbili.

Juu ya programu ya kukuza picha, mwenzako hajakosea sana, ila ajue inafanya nini. Haifukui kitu kilichojificha ndani ya picha, inakisia. Inaona doa la kahawia penye jicho na kuchora jicho ambalo limewahi kuonekana kwenye picha nyingine nyingi. Kwa fremu ambayo tayari ni safi, ukiikuza mara mbili, si neno. Kwa fremu yenye ukungu, utapata ngozi ya nta na meno yaliyoungana. Na filamu yako ina hatari yake ya pekee: saa. Programu hizi hushindwa kwenye maandishi madogo. Fungua matokeo kwa ukubwa kamili, utazame uso wa saa ile ya ukutani. Ukikuta tarakimu zimekuwa vijidudu na akrabu tatu zinaelekea kusikoeleweka, mtazamaji wa filamu ya fundi saa ataliona kosa hilo kabla ya kingine chochote.

Mhadhiri wako naye ana sehemu ya haki, lakini kwa kazi nyingine. Picha za nyuma ya pazia zina matumizi yake: kushukuru timu, kutangaza kwamba filamu imekamilika, habari ya jarida la chuo. Anayefungua katalogi ya tamasha anataka kuamua kama akae dakika 14 na mzee huyu na mjukuu wake. Ukimwonyesha taa, nyaya na kijana aliyevaa hedifoni, umemwambia kwamba filamu ilitengenezwa. Hilo analijua. Zihifadhi, zitumie, ila zisiingie kwenye zile tatu.

Inabaki rai yako, ya kuwarudisha waigizaji. Naiunga mkono, na usione kama ni udanganyifu. Picha maarufu ya mwigizaji Marilyn Monroe wa filamu ya The Seven Year Itch, gauni jeupe likipeperushwa juu ya chuma cha kupitishia hewa, ilipigwa usiku wa Septemba 1954 barabarani New York, na wapiga picha waliokuwa wamesimama kando ya kamera ya filamu. Umati ulikuwa mkubwa na kelele nyingi, hata tukio hilo likaja kurekodiwa tena studio. Dunia nzima inaikumbuka filamu ile kwa picha ambayo haikutolewa ndani ya mkanda wake. Picha ya kutangaza ni kazi inayojitegemea, na mpiga picha wa seti ni fundi kamili mwenye nafasi yake. Wewe unaifanya kazi yake kwa kuchelewa, basi.

Ila kuna mpaka. Unachopiga upya kiwe kimo ndani ya filamu, au kingeweza kuwamo: wahusika walewale, mavazi yaleyale, chumba kilekile, hali ileile. Ukimpa mzee bastola kwa sababu bastola inavuta macho, umemdanganya mtazamaji, na atakudai ukumbini.

Ndevu. Usimbandike za bandia. Kwenye filamu ndevu za bandia huponea, kwa sababu picha inapita. Kwenye picha mnato mtu ana muda wote wa kuchunguza gundi. Kama wiki tatu hazitoshi ziote, mfanye mzee awe mikono, bega na mgongo. Na tena nitakuambia bila kuzunguka: huenda hilo likakupa picha bora kuliko uso wake. Bega lake jeusi mbele upande wa kushoto, na ng'ambo ya meza uso wa binti umeinuliwa unamtazama. Au mikono yake peke yake, skrubu ndogo kwenye ncha ya kidole, na kidevu cha binti kimeegemea ukingo wa meza nyuma yake. Uso wa mzee mwenye ndevu utautoa kwenye fremu za video, zile ulizozitafuta jioni mbili. Yeye ndiye anayekaa ametulia kuliko wote kwenye filamu hii. Fundi saa hachezichezi.

Siku ya kupiga, nusu siku inatosha. Azima kamera yoyote ya picha ambayo unaweza kuiongoza mwenyewe. Nyingi za sasa zina pikseli milioni 24, yaani 6000 kwa 4000, zaidi ya unachohitaji. Piga faili ghafi (RAW, ambalo kamera haijalibana), siyo JPEG peke yake, ili rangi uipeleke kwenye ile ya filamu baadaye. Usitumie flashi ya kamera. Inafuta vivuli, na vivuli ndivyo mlivyovitafuta siku nzima. Washa ile taa ya mezani iliyo kwenye filamu, zima ya darini, na kama mwanga hautoshi weka kamera kwenye stendi. Jihadhari na michirizi ya mwanga kwenye picha: umeme wa majumbani katika nchi nyingi ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED na za mirija hupepesa mara 100 katika sekunde hiyo. Shata ya 1/50 au 1/100 itakuwa salama. Kwenye nchi zenye umeme wa mizunguko 60, kama Marekani, tumia 1/60 au 1/120. Na usiwashe ile shata ya kimya, yaani ya kielektroniki. Huna sauti ya kulinda siku hiyo, na shata ya kimya chini ya taa za namna hiyo ndiyo inayoleta michirizi kwa wingi. Ingekuwa mnarekodi ningekuambia kinyume.

Ufunguzi wa lenzi usiuachie wazi kabisa. Najua f/1.8 inapendeza, lakini binti akiwa nusu mita nyuma ya mikono ya babu, mmoja wao atapotea kwenye ukungu. Jaribu f/4, ambayo ni nyembamba zaidi, angalia, ongeza namba ikibidi.

Jambo kubwa la siku hiyo ni hili: usiwaambie wakae mkao wa picha. Mtoto wa miaka 11 akiambiwa "angalia huku kwa huzuni" atakupa sura ya mtoto aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kucheza. Waambie waigize. Waanzishe tukio pale binti anapoitoa saa kwenye leso, waende mpaka mwisho, warudie. Wewe simama pale kamera ya filamu ilipokuwa, au karibu yake, lakini si kwenye njia ya macho ya mwigizaji, usije ukamtoa. Usipige mtu akiwa katikati ya neno. Mdomo unaotamka hukwama kwenye maumbo ya ajabu. Subiri sentensi iishe. Bora zaidi, mpige anayesikiliza. Binti anaposubiri jibu la babu, na babu hajibu, anakaza tu macho kwenye kioo cha kukuzia, hapo bonyeza mara tatu, nne.

Kila tukio lirudie ukiwa umeisimamisha kamera wima. Filamu yako haijawahi kuwa wima, kwa hiyo hutalikumbuka hili, na bango na simu vyote ni wima. Kwenye hizo za wima acha mahali patupu, juu au chini, pasipo na kitu cha maana: ukuta, kivuli, meza. Hapo ndipo jina la filamu litakapokaa.

Sasa swali la pili, la kuchagua, na niliahidi kisa. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa na shoti ya mlango. Tuliisumbukia taa kwa muda wa saa sita, mpaka mwanga ukapenya chini ya mlango na kutandaa sakafuni kama maji yaliyomwagika. Nilipoombwa picha nikatuma mlango huo, kifua mbele. Katalogi ikatoka. Mlango wangu ulikuwa na ukubwa wa stempu. Jamaa mmoja ukumbini, mtu mwema tu, akaniuliza kama filamu inahusu useremala.

Nilichojifunza ni kwamba nilipoitazama picha ile sikuwa naiona picha. Nilisikia muziki unaoanza pale, nilimjua mtu anayekaribia kuingia, niliyakumbuka majasho ya siku ile. Vyote hivyo vilikuwa kichwani mwangu. Msomaji alikuwa na mbao. Ndiyo sababu kila mtu kwenye timu yako ana yake: mpiga kamera anapenda ile iliyomtoa jasho, mbunifu wa mavazi ile inayoonyesha gauni, mwigizaji ile aliyotoka vizuri, na wewe ile inayokukumbusha siku filamu ilipokaa sawa. Hamna hata mmoja anayedanganya, ila wote mnaitazama filamu badala ya picha.

Kwa hiyo usipige kura. Fanya hivi. Ondoa kwanza zenye kasoro wazi, macho yaliyofumba, fokasi iliyoangukia sikioni. Zilizobaki zipunguze mpaka upana wa ncha ya kidole gumba kwenye simu. Nyingi nzuri zitakufa hapo, hasa zile za mandhari unazosema ndizo safi: mtu mdogo ndani ya nafasi kubwa hutoweka. Zilizopona, labda nane, mwonyeshe mtu ambaye hajaiona filamu wala hajasimuliwa. Usimwulize "ipi nzuri?" Atakupa jibu la adabu. Mwonyeshe moja moja na uulize, "Hapa pana nini? Wewe unataka kujua nini?" Kisha nyamaza, usimsaidie. Rudia kwa watu watatu au wanne. Picha ambayo watu wanaiuliza swali, na swali hilo linakaribiana na filamu yako, ndiyo picha yako.

Nikupe mfano wa filamu hii hii. Chukua picha ya binti akitabasamu mbele ya ukuta wenye saa nyingi. Inapendeza, na mtu ataiuliza nini? Hana la kuuliza. Chukua nyingine, binti ameikandamiza saa iliyokufa sikioni, macho ameyaelekeza pembeni. Mtu atauliza, "Anasikia nini?" Filamu yako nzima ni swali hilo.

Zile tatu zisiwe ndugu wa tumbo moja. Moja iwe ya kubeba zote, ambayo tamasha likitumia moja tu itumike hiyo: hapa ningeweka binti na saa sikioni. Ya pili iwe ya uhusiano, wawili ndani ya fremu moja, hata kama mmoja ni bega. Ya tatu ioneshe dunia yao, karakana, taa, vyuma vidogo mezani, na uso wa mzee mwenye ndevu kutoka kwenye video kama umempata. Usiweke ile ambayo saa imeanza kwenda au mzee analia. Najua ndiyo yenye nguvu. Iache ukumbini.

Ukishachagua, weka picha nyingine mbili za akiba kwenye folda hiyohiyo. Siku moja kabla ya onyesho mtu ataomba "nyingine ambayo haijatumika".

Umri wa binti una uzito, na ni vizuri umeuliza. Ridhaa ya kuigiza kwenye filamu si lazima iwe inabeba picha za matangazo, zitakazosambaa bila filamu. Tazama karatasi mliyosaini. Kama haitaji picha, mwandikie mzazi au mlezi karatasi fupi inayosema picha zipi, zitumike wapi, kwa muda gani, na mwonyeshe hizo tatu kabla hujazituma. Mwonyeshe na binti mwenyewe. Ana haki ya kusema hii siipendi. Kwenye maelezo ya picha usitaje shule yake wala anapokaa. Mzazi awepo siku ya kupiga. Mzee naye asaini.

Kama rafiki ndiye atakayebonyeza kamera siku hiyo, muafikiane kwa maandishi pia. Nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaohusu hakimiliki, hulinda kazi tangu inapoundwa, bila kusajiliwa popote, na kwa kawaida hakimiliki ya picha huanzia kwa aliyeipiga na siyo kwa mwenye filamu. Sentensi mbili zenye saini zinatosha: unaruhusiwa kuzitumia kuitangaza filamu, na jina lake litaandikwa kila zinapochapishwa. Kisha liandike kweli.

Kutuma ni kazi ya dakika chache, ukizingatia masharti ya tamasha yanavyosema. Yasiposema, JPEG ya ubora wa juu, rangi za sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini), upande mrefu pikseli 3000 au zaidi kwa zile mpya. Za video ziache kwa ukubwa wake. Pasiwe na maandishi juu ya picha wala alama ya jina lako. Faili liitwe jina la filamu na namba, si "IMG" na tarakimu. Maelezo yataje waigizaji kutoka kushoto kwenda kulia, na mpiga picha. Usizipitishe kama picha za kawaida za WhatsApp, zitabanwa. Zitume kama hati au kwa kiungo.

Kuna mahali ushauri wa maandishi unaishia. Ukikuta kadi yenye faili za awali imefutwa, usirekodi kitu kingine juu yake hata kidogo, mpelekee fundi wa kurejesha data ikiwa vilevile. Ukitaka kuchapa bango, nenda mwenyewe kwa mchapaji na umwombe akuchapie kipande kidogo cha majaribio kwanza. Skrini inawaka kwa ndani, karatasi inategemea mwanga wa chumba, na filamu yenye taa moja ya mezani ikifika kwenye wino huwa lami tupu. Mtakitazama naye kivuli cha meza na kukiongezea mwanga kidogokidogo mkiwa mmesimama pamoja. Na kama mzazi wa binti ana mashaka yoyote, usimtumie ujumbe. Mfuate, ukae naye, na umwambie mratibu wa tamasha kwamba picha moja huenda ikabadilika.

Umebaki wewe. Picha ya mwongozaji ipigwe siku hiyohiyo, mwishoni, waigizaji wakiwa wameshaondoka na taa bado ziko mahali pake. Kaa kwenye kiti cha mzee. Usishike kamera, usivae hedifoni, usinyooshe kidole kuelekeza mtu asiyekuwepo. Mwambie rafiki yako akuulize kwa nini uliandika habari za saa, na apige wakati unatafuta jibu.